Ekzosi ya Bwana Nassor na Komeo la Bi Zuhura

Vijana wangu wa karakana ya Mabawa, mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, keki yenye umbo la pikipiki, na ombi kwamba niandike niliyoyaona kazini. Saa imeshasimama. Keki ililiwa palepale na watu ambao hata siwajui. Imebaki kuandika, na nitaandika, kwa sababu kuna pikipiki moja itakuja kwenu siku yoyote, nanyi kwa uhodari wenu mtaitengeneza. Mkiitengeneza mtakuwa mmeiharibu. Nitafika huko, ila nianze mwanzo, msije mkasema Mzee Athumani kakimbilia mchuzi kabla ya wali.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Mama yangu alisema fundi lazima aheshimike. Karakana ya Fundi Gasper ilikuwa kibanda cha bati nyuma ya kinu cha mafuta ya nazi, na mpaka saa nne asubuhi ile suruali ilikuwa na heshima ya tambara. Gasper alikuwa Mbena, Mkatoliki, mtoto wa manamba aliyezaliwa kambini kwenye shamba la mkonge. Baba yake alihudumu kwenye korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge, na mtoto akakua akisikia chuma kikiunguruma tangu alfajiri. Alijua kuisikiliza mashine kabla hajajua kusoma.

Akanipa kopo limejaa plagi kuukuu. "Zipange."

Nikazipanga kwa ukubwa, ndogo mbele, kubwa nyuma, zimenyooka kama watoto wa shule mstarini. Gasper akaziangalia kwa muda mrefu.

"Umepanga vizuri sana," akasema. "Kama unafungua duka. Sasa zipange kama fundi."

Ndipo akanionyesha ile ncha. Plagi nyeusi yenye masizi, injini inapewa petroli kuliko hewa. Plagi nyeupe kama chokaa, hewa imezidi, injini ina njaa na inaungua. Plagi njema ina rangi ya chai ya maziwa. Akaniuliza mimi nakunywa chai gani. Nikamwambia ya rangi, nyumbani kwetu maziwa yalikuwa ya wagonjwa.

"Kuanzia leo kunywa ya maziwa, macho yaizoee."

Nimekunywa chai ya maziwa tangu siku ile. Juzi daktari kaniambia nipunguze, nikamwambia hicho ni kifaa cha kazi.

Gasper hakuwa na kipimo cha kuhesabu mizunguko ya injini. Alikuwa na wimbo wa kanisani. Pikipiki ikisimama inaunguruma mahali pamoja, yeye anaanza kuuimba kwa pua huku akizungusha skrubu ya kabureta, na injini ikienda sawa na wimbo anaacha. Nami nikajifunza hivyohivyo. Mimi niliyetoka chuoni kwa maalim na juzuu amma kichwani nikawa naimba kwa pua wimbo wa kanisa kutwa nzima, maneno siyajui, nia yangu skrubu.

Gasper alipofariki nikaendelea peke yangu kwa miaka. Siku moja akaja mama wa Kilutheri, Msambaa, mwimbaji wa kwaya, pikipiki yake inazimika kila akifika njia panda. Nikainama, nikaanza wimbo wangu. Mara nikasikia sauti ya pili inaingia juu ya kichwa changu, tamu kabisa. Tukamaliza ubeti.

"Fundi, umebatizwa lini?" akaniuliza.

"Sijabatizwa, mama. Natengeneza kabureta."

"Basi, wimbo ndio wenyewe, lakini unauburuta. Hivi ndivyo tunavyouimba tukimzika mtu."

Tangu Gasper aondoke nilikuwa nautia uvivu wimbo ule kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na pikipiki zote za Makorora na Mabawa zilikuwa zinazimika njia panda kwa sababu fundi wao anaimba mazishi. Mama yule akanisimamia mpaka nikaushika mwendo wake. Wiki ile niliwaita wateja wote warudi, nikawaambia kuna marekebisho mapya yametoka. Sikusema yametoka wapi.

Jambo la tatu la Gasper ndilo kubwa, na ndilo linalotuingiza kwenye habari yenyewe: ukiifungulia injini pumzi, iongezee na chakula. Maana yake, ukitoa ekzosi ya kubana ukaweka ya kupitisha moshi upesi, hewa nyingi itaingia, na usipoongeza petroli plagi itakuwa chokaa. Gasper alinieleza kwa maneno. Mimi nikajifunza kwa aibu.

Nilikuwa kijana, nina kipikipiki changu, na kulikuwa na msichana Makorora anaitwa Mwanajuma. Nikatoa matumbo yote ya ndani ya ekzosi ili sauti inene, petroli sikuigusa, nikapita mbele ya kwao. Mara ya kwanza alitoka mlangoni. Mara ya pili walitoka yeye na dada zake. Mara ya tatu bomba limegeuka bluu, injini imekata, nami nimesimama mbele ya baba yake aliyekuwa akinyoa ndevu barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo imekufa au imelala?"

Nikaisukuma hadi nyumbani. Ikaungua pistoni, nikaiuza vipande vipande, nikanunua baiskeli. Mwanajuma alinikubali na baiskeli yangu, Mungu amjalie, na baiskeli ile ninayo mpaka leo. Breki yake ya mbele inalia. Inalia kiasi kwamba mbuzi wa mtaa wananijua. Watu walinicheka sana: fundi gani huyu, cha kwake kinalia? Mwaka mmoja niliitengeneza, ikawa kimya kama paka. Wiki nzima mke wangu akanuna, chakula nakikuta hakijaiva, na siku ya Alhamisi vibao vya breki vipya vikapotea, vile vya zamani vikawa vimerudi mahali pake. Nikamuuliza, akasema hajui. Nikasema huo ni ukaidi tu wa wanawake wa Kibondei, nikaviacha hivyo. Kumbukeni hapo.

Sasa tuje karibuni. Bwana Nassor mnamjua, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, watu wao wa asili ya Oman, wana minazi tangu enzi za mababu. Ana ile pikipiki ya safari, ya sindano za kunyunyizia petroli kwa kompyuta na si ya kabureta, ina masanduku matatu, kioo mbele, na kiti ambacho mtu mzima anaweza kulala usingizi wa mchana. Kila Ijumaa baada ya sala anaipanda kwenda Kigombe kumwona mama yake, Bi Zuhura.

Chumvi ya pwani ilikuwa imekula ekzosi. Bomba la kushoto lilipasuka kwenye maungio, likawa linavuta hewa. Kila Nassor akiachia mkono wa gesi ili apunguze mwendo, pikipiki inapiga: *pa!* Kimya. *Pa-pa!* Akipanda Lushoto inahema kama mtu aliyekula futari akalala. Akaagiza nje ekzosi ya chuma kisichoshika kutu, na pamoja nayo kiboksi kidogo cha kurekebishia petroli, kina vitufe na vitaa, unakiunganisha kati ya kompyuta ya pikipiki na sindano zake. Akaniletea vyote vimefungwa kwenye pamba.

"Fundi Athumani, hii nakuachia weye. Wale vijana wako nawapenda, lakini weye ndo ulonifungulia pikipiki yangu ya kwanza."

Nilijua ndiyo kazi yangu kubwa ya mwisho kabla ya kustaafu, nikaifanya kama ninamwozesha binti. Boliti za ekzosi ya zamani nilizilowesha mafuta siku mbili. Moja ikakatika hata hivyo, na niliyoyasema siku ile hayaandikiki, ila mwadhini wa jirani alinipa pole. Nikaichimbua taratibu nusu siku nzima. Nikaweka gasketi mpya, nikafunga mabomba kwa kulegeza kwanza yote, nikayaacha yakae yenyewe, ndipo nikakaza. Msikaze moja kabla jingine halijakaa. Nimewaambia mara ngapi.

Kisha chakula. Nikaenda Pongwe na kurudi, nikatoa plagi: chokaa. Nikabonyeza kitufe, nikaongeza. Pongwe tena: chokaa iliyochanganywa na vumbi. Nikaongeza. Safari ya tano plagi ikatoka na rangi ya chai ya maziwa kiasi kwamba nilitamani kuitafutia kitumbua. Niliwaita wote mje kuiona, mnakumbuka, na mmoja wenu alipiga miayo, nami sijamsahau. Injini ikatulia sawasawa na wimbo, kwa mwendo wake halali. Pikipiki kubwa vile ikawa inapita kimya kama mtu anayekunja kanzu.

Jumamosi asubuhi Nassor akarudi. Hakushuka.

"Fundi, mama kanifungia mlango."

Nikadhani wamegombana. Akanieleza. Alifika Kigombe kama kawaida, akabisha hodi, ndani kimya. Akabisha tena.

"Nani weye?"

"Miye Nassor, mama."

"Si Nassor weye. Nassor hajafika."

"Mama, ndo nimefika."

"Nassor huja na mshindo wake. Ondoka hapo kabla sijaita watu."

Bi Zuhura umri umekwenda. Macho yameingia ukungu, lakini masikio yake yanasikia nazi ikidondoka shamba la jirani. Na mwezi uliotangulia kijana mmoja alimbishia hodi, akajiita mjukuu, akaondoka na kuku wawili. Tangu hapo sauti ya mtu haimtoshi. Majirani wakaja kumthibitishia kwamba huyu ni Nassor. Akawaambia nao watoke, wamekula pamoja wale kuku. Mpaka Nassor aliposoma dua aliyofundishwa naye utotoni, yote, akiwa amesimama juani na kofia mkononi, ndipo komeo likafunguliwa.

"Kisha?" nikamuuliza.

"Kisha akalia, Fundi. Kahawa hakuwa ameteleka. Akasema, 'Nilikuwa nikikusikia tangu kule penye kona, pa, nateleka kahawa. Pa-pa, najifunga kanga nzuri, naondoa komeo. Leo umenijia kama deni.' Akasema, 'Ule muda wa kukusikia waja ndo raha yangu, wiki nzima naungoja huo.'"

Nikasikia uchungu, lakini nikasikia na hasira pia, nawaambia kweli. Kazi yangu bora kuliko zote, na mteja anaiita balaa.

"Bwana Nassor, mimi si fundi wa kutoboa ekzosi mpya."

"Sijakwambia utoboe. Nakwambia nirudishie mama yangu."

Akawasha, akaondoka kimyakimya, na ule ukimya niliouhangaikia siku zote ukanichoma.

Siku mbili sikula vizuri. Gasper alikuwa na desturi moja niliyoidharau: pikipiki ikiletwa, kabla ya kushika spana humwuliza mwenyewe, "Nani mwingine anaisikia hii?" Nilidhani ni maneno ya kupoteza muda spana zikitafutwa. Mimi sikumwuliza Nassor. Kosa lilikuwa langu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko boliti.

Basi nikapanda nyuma ya Nassor, nimekumbatia kiboksi cha spana, tukaenda Kigombe. Tukasimama mbali, tukatembea kwa miguu, Nassor akasoma dua, mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye fundi."

"Marahaba. Ndo weye ulomfanya mwanangu mwizi?"

"Ndiye mimi. Naomba unieleze ulikuwa unasikia nini."

Vijana, nimepokea maelezo ya wateja miaka yote hii. *Inafanya kama hivi. Inakwenda lakini haiendi.* Hakuna aliyewahi kunieleza tatizo kama bibi yule. Alinyanyua mkono, akafumba macho, akasema, "Huuuuu, mbali. Kisha chini, hu-hu-hu. *Pa!* Hapo kwenye kona, penye mti wa mkungu wa shule. Kimya, hesabu tatu. *Pa-pa!* Ya pili ndogo kuliko ya kwanza. Kisha yakohoa, yazima." Nikamwomba arudie, nikaandika kwenye karatasi ya sigara ya Nassor. Mama akasikia pakiti ikichanwa, akauliza sigara za nani. Nassor akasema ni zangu. Nikakubali, tayari nilikuwa na dhambi kwenye nyumba ile.

Ekzosi sikuigusa. Nilikaa barazani na Bi Zuhura, Nassor akawa anakwenda hadi kona na kurudi, nami kila akifika nabonyeza vitufe, kuongeza petroli kidogo pale tu anapoachia gesi, ili isiyoungua ndani ya injini ikalipukie kwenye bomba la moto. Ni kinyume cha kila kitu nilichofundishwa. Mikono ilikuwa inakataa.

Akapita mara ya kwanza. Bi Zuhura akatikisa kichwa. "Huyo mgeni."

Mara ya pili: "Huyo aleta barua."

Mara ya tatu ikalipuka mpaka kunguru wakahama mti. "Huyo askari, fungieni watoto ndani."

Kufikia mara ya sita nusu ya Kigombe ilikuwa imekaa barazani pamoja nasi. Kukawa na vikundi viwili, wanaosema bado na wanaosema ndiyo huyo, na mtu mmoja akaanza kuuza karanga. Nassor jasho linamtoka ndani ya kofia. Bi Zuhura hakumsikiliza mtu. "Huyo ana haraka. Nassor wangu hana haraka," akasema mara ya saba, na ya nane akasema hiyo ya pili imekuwa kubwa kuliko ya kwanza, nikapunguza.

Mara ya tisa alikuwa ananisimulia habari za wale kuku. Kuku mmoja alikuwa wa kuchi, akasema, mwekundu, shingo ndefu, alikuwa akitaga—

*Pa!* Kwenye mkungu. Nikahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu. *Pa-pa!*

Bi Zuhura akaiacha hadithi katikati. Akainuka, akajifunga kanga, akaingia ndani bila kuniaga. Nikasikia birika la kahawa likiwekwa jikoni. Baraza zima likageukia mlango, hata wa karanga, nami machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

Sikuiacha pikipiki hivyo kwa safari zote, ningekufa kwa fedheha. Kiboksi kile kinahifadhi mipango miwili ya petroli. Nikafunga swichi ndogo kwenye usukani, upande wa kushoto, nikaifungia utepe mwekundu. Ikiwa juu, pikipiki ina plagi ya chai ya maziwa hadi Arusha. Akikaribia kona ya Kigombe, Nassor anaishusha chini, na ile pikipiki ya fahari inaanza kukohoa kama mzee aliyepaliwa.

Kwa hiyo mmesikia. Itakapokuja kwenu, mtasikia mlio mbaya, mtaona waya uliounganishwa ovyo, na kompyuta yenu itawaambia petroli imezidi. Ni kweli imezidi. Badilisheni oili, kazeni mnyororo, safisheni vioo, na swichi ya utepe mwekundu msiiguse hata kwa tambara.

Na lile la baiskeli. Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilikaa tu nyumbani, na mke wangu akawa mkali, chai haieleweki, mara imepoa, mara haipo. Nikimwuliza anasema, "Nitajuaje wataka saa ngapi? Nageuka, huyo hapo mlangoni!" Nikanywa ile iliyopoa, nikamfikiria Bi Zuhura, nikafikiria vile vibao vya breki vilivyopotea siku ya Alhamisi. Sikumwuliza kitu.

Sasa kila siku baada ya alasiri natoa baiskeli, nazunguka Makorora yote bila shughuli yoyote, watu wananiuliza natafuta nini, nawaambia sijakiona bado. Kisha narudi. Nikifika kwenye duka la kona nakamata breki ya mbele kwa nguvu zote, mbuzi wanakimbia, na kwa mbali nasikia Mwanajuma anaweka vikombe.